Paul de Vivie, mtu wa mji wa migodi aliyetafutia baiskeli njia ya kupanda mlima

Mara hii tunawaletea maisha ya Paul de Vivie, Mfaransa aliyejulikana zaidi kwa jina lake la kalamu, Vélocio. Alikufa mwaka 1930, basi hata wazee wetu wengi hawakumkuta duniani. Lakini kila mtu aliyepata kupanda kilima na baiskeli ya vitesi nyingi anatumia kitu ambacho huyu mzee alikipigania kwa miaka zaidi ya 30, wakati wakubwa wa mchezo wa baiskeli walikuwa wanamcheka. Tena aliishi katika mji wa migodi, kati ya watu wanaorudi nyumbani jioni na vumbi usoni na mgongo unaouma. Njo maana tumeona hadithi yake inatuhusu sisi wa Bunia, wa Mongbwalu, wa Nizi na wa Iga-Barrière.

Tuanze na milima, juu bila mlima hadithi hii haiko. Bunia iko juu, karibu meta 1,270 toka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini, karibu meta 620. Mtu anayetoka Kasenyi na samaki juu ya kinga yake, kusudi afike Bogoro na kisha Bunia, analazimika kupandisha mwili wake, kinga yake na mzigo wake zaidi ya meta 600. Wote tunajua namna inavyokwenda: mahali fulani anashuka, anakamata gido na mkono mmoja, mkono mwingine unasukuma kiti, na safari inakuwa ya miguu. Huko Ufaransa, mji wa Saint-Étienne uko karibu meta 520, na nyuma yake kuna mlima wenye njia inayopita mahali panapoitwa Col de la République, meta 1,161. Hesabu ni karibu moja na ya kwetu. Juu ya mlima ule njo Vélocio alijifunza yote aliyoyajua.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1853 huko Pernes, mji mdogo wa kusini ya Ufaransa, si mbali na mlima mkubwa unaoitwa Ventoux. Alisoma vizuri, akapenda vitabu maisha yake yote. Alipokuwa kijana aliingia katika biashara ya hariri, na biashara hiyo ilimfikisha Saint-Étienne, mji uliojulikana kwa kufuma utepe wa hariri.

Mji ule ulikuwa na kazi tatu kubwa. Kazi ya kwanza ilikuwa makaa ya mawe. Chini ya ardhi watu walichimba, na ni kwa ajili ya makaa hayo reli ya kwanza ya Ufaransa ilijengwa hapo, ikafunguliwa mwaka 1827, mabehewa yakivutwa na farasi. Kazi ya pili ilikuwa huo utepe. Kazi ya tatu ilikuwa chuma: bunduki, vyombo, na baadaye baiskeli. Fundi anayejua kutengeneza mtutu wa bunduki anajua pia kutengeneza bomba la baiskeli, kwa hiyo Saint-Étienne ikawa mji mkubwa wa baiskeli katika Ufaransa nzima. Mchimbaji wa makaa, mfumaji na fundi wa chuma waliishi mtaa mmoja, na njia za mji wao zilipanda na kushuka kama zetu.

Mwaka 1881 de Vivie alinunua baiskeli yake ya kwanza. Haikuwa kama hizi tunazozijua. Ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Kama unataka kwenda mbio, ununue gurudumu kubwa zaidi, mpaka miguu yako isifike tena. Mlimani baiskeli hiyo ilikuwa taabu, na kwenye mshuko ilikuwa hatari: jiwe moja tu, na mtu anaruka juu ya gido akiangukia kichwa.

Kisha Waingereza wa mji wa Coventry wakaleta dawa. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, yenye sheni inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Hii njo baba ya kinga zote tunazoziona leo Bunia. Sheni ilileta kitu kipya: sasa ukubwa wa gurudumu haukuamua tena mwendo. Kilichoamua ni meno. Ukiweka mbele plato ya meno mengi na nyuma pinyo ya meno machache, unakwenda mbali kwa kila mzunguko wa mguu. Ukigeuza hesabu, unakwenda karibu, lakini mguu unakuwa mwepesi.

De Vivie aliona haraka kwamba baiskeli itabadilisha maisha ya watu. Mwaka 1887, akiwa na miaka kama 34, aliacha hariri akafungua duka la baiskeli pale Saint-Étienne. Alileta baiskeli kutoka Coventry, na baadaye akauza za kwake zenye jina la Gauloise. Mwaka huohuo alianzisha gazeti dogo, ambalo baadaye liliitwa Le Cycliste, yaani Mpanda Baiskeli. Humo njo alipoandika kwa jina la Vélocio. Duka lilimpa chakula, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gazeti. Alikuwa anapanda baiskeli, anajaribu chombo, anahesabu, kisha anaandika kile alichokiona, kizuri na kibaya.

Wanaosimulia maisha yake wanapenda kusema kwamba siku moja alikuwa anapanda Col de la République kwa nguvu zake zote, na kijana mmoja akampita akivuta kiko chake bila haraka. Iwe ilikuwa hivyo kabisa au wasimulizi wameongeza chumvi, swali lililobaki kichwani mwake lilikuwa la kweli: juu ya nini baiskeli inayokwenda vizuri kwenye tambarare inamuua mtu mlimani? Na juu ya nini baiskeli inayopanda vizuri inamchosha kwenye tambarare, miguu ikizunguka bure? Jibu lake lilikuwa kwamba baiskeli ya pinyo moja ni kama mtu mwenye kiatu kimoja kwa kazi zote. Mtu anahitaji kubadilisha.

Hapa tusimame kidogo tufanye hesabu, juu wachimbaji wanajua hesabu ya uzito kushinda watu wengi. Tuseme kinga ina plato ya meno 46 mbele na pinyo ya meno 20 nyuma, gurudumu la nchi 28. Kila mzunguko wa pedali, gurudumu linazunguka mara 2.3, na kinga inakwenda meta 5 hivi. Sasa tupande njia inayoinuka meta 8 kwa kila meta 100. Mtu, kinga na mzigo pamoja ni kilo 150. Kusudi kinga isirudi nyuma, inaomba msukumo wa kilo 12. Lakini mguu hausukumi kilo 12. Kwa sababu pedali inatembea meta 1 tu wakati kinga inatembea meta 5, mguu unalazimika kukandamiza karibu kilo 57 kwa wastani, kila mzunguko, bila kuhesabu mchanga na mawe. Weka sasa mbele meno 32 na nyuma meno 32. Kinga inakwenda meta 2.2 kwa mzunguko, na mguu unaombwa kilo 25 tu.

Kumbe uzito umepungua? Hapana. Mlima ni uleule, kilo ni zilezile. Ni sawa na kutoa mchanga katika shimo: unaweza kujaza mfuko mmoja mzito na kuuvuta kwa mara moja mpaka mgongo uvunjike, au kugawa mifuko miwili na kuvuta mara mbili. Kazi yote mwishoni ni moja. Kinachobadilika ni kwamba mwili wa mtu unaweza kufanya ile ya pili siku nzima, na ile ya kwanza unaifanya saa moja tu. Mtu anayezungusha treuil yenye mkono mrefu anajua jambo hilo pasipo kusoma kitabu.

Vélocio alitafuta namna ya kufanya mabadiliko hayo njiani. Kwanza aliweka plato mbili mbele, ndogo na kubwa, na kwenye mguu wa mlima alishuka akahamisha sheni kwa mkono. Vidole vilichafuka, lakini miguu ilipona. Kisha alijaribu baiskeli yenye sheni mbili, moja kuume na moja kushoto. Alijaribu pia vyombo vya Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 yeye na marafiki wake wa Saint-Étienne walikuwa wamefikia chombo kinachosukuma sheni toka pinyo moja kwenda nyingine, na mkono wenye risoti unaoikaza sheni isilegee. Hicho njo tunachokiita leo derayeri. Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Mafundi wengi wa mji walishindana na kusaidiana. Yeye alikuwa mwenye kujaribu kushinda wote, na mwenye kueleza katika gazeti kusudi wengine waige. Hakuchukua hati ya serikali ya kukataza watu kuiga derayeri yake. Mtu mwenye akili ya biashara angeona amepoteza mali. Lakini wazo likatembea.

Mwaka 1902 chama kikubwa cha watalii, Touring Club de France, kilipanga shindano la baiskeli katika milima ya Pyrénées, kwenye Tourmalet, njia inayofika meta 2,115. Walitaka kujua ni chombo gani kinachofaa mlimani. Kati ya walioshindana kulikuwa mama mmoja, Marthe Hesse, juu ya Gauloise yenye vitesi. Alipanda Tourmalet pasipo kuweka mguu chini. Wakati ule watu wengi waliamini mwanamke hawezi hata kuzunguka mji na baiskeli, na wanaume wenye misuli mikubwa walikuwa wanashuka na kusukuma. Kwa Vélocio jibu lilikuwa limepatikana mbele ya macho ya watu wote.

Lakini kuonyesha ni jambo moja na kukubaliwa ni lingine. Mwaka 1903 Henri Desgrange, mkubwa wa gazeti la L'Auto, alianzisha Tour de France. Katika mashindano hayo ya kwanza waendeshaji walipita palepale Col de la République, mlima wa nyumbani wa Vélocio, na hawakuwa na vitesi. Desgrange alipenda kuona mtu akipigana na mlima kwa misuli yake. Aliandika kwamba vitesi zinafaa watu waliopita miaka 45, na kwamba ushindi wa chombo hauna heshima kama ushindi wa nguvu. Kwa miaka mingi waendeshaji wa Tour walikuwa na pinyo pande mbili za gurudumu la nyuma. Wakifika chini ya mlima wanasimama, wanafungua gurudumu, wanaligeuza, wanafunga, wanaendelea. Wakifika juu wanafanya tena vile. Mvua ikinyesha, vidole vikiganda, ndivyo hivyo.

Watu wawili hawa walikuwa wanajibu maswali mawili. Desgrange aliuliza: nani mwenye nguvu kushinda wengine? Vélocio aliuliza: namna gani mtu wa kawaida, fundi, mfumaji, mwalimu, mama wa nyumba, atafika juu ya mlima akiwa mzima, na kesho aweze kupanda tena? Swali la kwanza linauza magazeti. La pili linahusu watu wengi zaidi. Tabu ni kwamba wauza baiskeli walifuata la kwanza: kijana anataka kinga kama ya bingwa, hata kama bingwa mwenyewe anateseka nayo.

Vélocio hakugeuka. Aliendelea na duka lake, gazeti lake na safari zake. Safari hizo si za mchezo: usiku na mchana, kilometa mia kadhaa, milima ya Alpes na ya kusini, wakati wa Pasaka akishuka mpaka Provence na kundi la marafiki. Alifanya hivyo alipokuwa na miaka 50, na 60, na baada ya 60. Hakula nyama. Njiani aliacha pia mvinyo na tumbaku. Aliwafundisha wafuasi wake sheria chache ambazo hata mchimbaji anaweza kuzishika: usingoje njaa ndipo ule, usingoje kiu ndipo unywe, usisimame muda mrefu, usitumie nguvu zote juu ya kutaka kuonekana. Alisema mwili ukiombwa kidogo kidogo unatoa mingi.

Watu wakaanza kumfuata. Tangu mwaka 1922, yeye akiwa bado hai, kila mwaka Saint-Étienne ilifanya Siku ya Vélocio. Mamia ya watu walipanda toka mjini mpaka Col de la République, watoto, wazee, bibi na bwana juu ya baiskeli moja ya viti viwili.

Alikufa mwanzoni mwa mwaka 1930, bado hajatimiza miaka 77, palepale Saint-Étienne. Alikuwa anavuka njia na baiskeli yake. Akarudi nyuma kukwepa tramu moja, na nyingine iliyotoka upande wa pili ikamgonga. Mtu aliyeshuka milima ya Alpes usiku bila taa za leo alikufa kwenye njia ya mji, hatua chache toka mahali alipoishi. Gazeti lake liliendelea kutoka nyuma ya kifo chake, na juu kwenye Col de la République wamemjengea nguzo ya ukumbusho.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1937, Desgrange akiwa ameacha uongozi kwa sababu ya ugonjwa, Tour de France iliruhusu derayeri. Roger Lapébie alishinda mwaka ule akiwa nayo. Toka hapo hakuna bingwa aliyerudi kwenye pinyo moja mlimani. Leo hata wenye nguvu kushinda wote duniani wanachagua vitesi nyepesi mlimani.

Na kwetu? Kinga nyingi zinazobeba makala, ndizi, bidoni na samaki hapa Ituri zina pinyo moja nyuma. Zinapendwa juu ni ngumu na kila fundi anazijua. Derayeri ni chombo kizuri, lakini inaogopa matope na ngumi, na fimbo ya mzigo ikiigonga inapinda. Hatusemi kila mtu aende kununua ya vitesi 21. Lakini wazo la Vélocio linaweza kuingia hata katika kinga ya pinyo moja. Mwenye pinyo ya meno 18 nyuma anaweza kumuomba fundi aweke ya meno 22. Sheni inaweza kuomba kuongezewa kidogo. Kwa badiliko hilo peke yake mguu unasukuma karibu kilo 18 chini kwa kila kilo 100 ulizokuwa unasukuma. Kwenye tambarare utakwenda polepole kidogo, hilo halikosi. Lakini mwenye mzigo hakimbilii tambarare. Kinachomla ni mlima.

Uchaguzi wenyewe, kama yeye alivyoufundisha, unaanza na mlima mkali kushinda yote ya njia yako na mzigo wako wa kila siku. Uulize: pale, naweza kuzungusha pedali bila kusimama juu yake na bila goti kulia? Kama hapana, pinyo ni ndogo. Tena uwe mkweli juu ya mpaka wa chombo. Ukiwa na ile vitesi ya meta 2.2 na unazungusha mara 40 kwa dakika, unakwenda kilometa 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Na kilo 100 za samaki juu ya njia mbaya, hakuna pinyo itakayokupandisha. Shuka usukume, hakuna haya. Na kabla ya yote angalia freni, juu kila mlima unaopandwa utashukwa.

Vijana wetu wakati fulani wanamcheka yule anayeweka pinyo kubwa, wanasema ni kinga ya mzee. Desgrange naye alisema vile. Wengi wenu mnatoka shimoni na mgongo uliokwisha choka, kisha mnapanda kinga kurudi nyumbani, ambako watoto wanawangoja. Goti likiharibika, hakuna duka la Bunia linalouza lingine. Paul de Vivie aliishi kati ya wachimbaji, akaona miili inavyoisha, akatumia maisha yake kutafuta namna ya kuichunga. Sisi tunaona hiyo ni kazi ya heshima, na fundi wa kinga wa mtaa wako anaweza kuiendeleza kwa pinyo moja tu.